Kura ya Nane Kwenye Mkebe

Pwani yote hii, tangu Shanzu hadi Likoni, hakuna mwandishi wa hadithi mwenye kumbukumbu kama yangu. Kila neno nililowahi kuwaandikia limo kichwani, sihitaji kutazama popote. Wiki iliyopita tulimwacha Kafedha... tulimwacha Kafedha... Ngojeni kidogo. Gazeti la wiki iliyopita nimefungia samaki wa ng'onda.

Haya, nimelikunjua. Linanuka, lakini linasomeka.

Tulimwacha Kafedha katika ukumbi wa akina mama wa Timbwani, ameinamia meza, kufuli la mkebe liko wazi, karatasi za kura zimemwagika, naye anazihesabu mara ya tatu. Chumbani mna wahakiki saba. Mezani pana karatasi nane.

"Hesabu tena," alisema Mwalimu Dorothy.

"Nimehesabu mara tatu, Mwalimu."

"Basi nipe mimi. Nimehesabu watoto wa darasa la kwanza kule Changamwe miaka thelathini na mmoja, na wale walikuwa hawatulii. Hizi hazikimbii."

Akahesabu kwa ncha ya kalamu. Nane. Akazipindua, akahesabu upande wa pili, kana kwamba mgongoni zitakuwa saba. Nane.

"Eish," akasema Wafula, ambaye ni mtu wa bara na huandikia mtandao. "Sasa hii kura imezaa."

Hakuna aliyecheka. Kila mtu alikuwa anamtazama mwenzake kwa pembe ya jicho, kisha wote wakamtazama Kafedha kwa jicho zima.

Kwa wewe uliyeazima gazeti la jirani leo mara ya kwanza, nitakueleza haraka, kisha umrudishie gazeti lake. Hawa ni Jopo la Wahakiki wa Filamu wa Pwani. Kazi yao ni kutazama filamu za kwetu na kusema kweli, na kila mwaka hutoa tuzo moja, Kifuu. Ndiyo, kifuu cha nazi. Mwaka wa kwanza hawakuwa na kitu kingine cha kutoa, mwenyekiti akakisugua kifuu kwa msasa mpaka kikang'aa kama kiatu cha askari. Watu walicheka. Sasa watengenezaji filamu wanakililia.

Safari hii zilibaki filamu mbili, "Chumba cha Uani" na "Harusi ya Jumanne". Kura zilipigwa Jumapili, mkebe ukafungwa, akakabidhiwa Kafedha, katibu wao, na leo Alhamisi ndiyo siku ya kuufungua. Jumamosi ni sherehe.

Kafedha alizigawa karatasi mafungu mawili. "Chumba cha Uani, nne. Harusi ya Jumanne, nne."

"Zikilingana, Kifuu hukaa miezi sita huku na miezi sita kule," akasema Lewa. Yeye na nduguye Kaingu wametoka Shanzu, na kwa kawaida hawafungui mdomo mpaka chai iletwe. Leo walifungua mapema, mjue mambo yalikuwa mazito.

"Hazikulingana," akasema Mwalimu Dorothy. "Watu saba hawalingani. Moja katika hizi ni ya wizi. Kafedha, mkebe ulilala wapi tangu Jumapili?"

"Kwangu, Kisauni. Salunini. Mnajua."

"Ufunguo?"

Kafedha alivuta uzi shingoni, ufunguo ukatoka kifuani.

"Na karatasi ni za daftari la nani?"

"Langu, Mwalimu. Lakini mkebe una tundu juu. Kutia kura hakutaki ufunguo, kunataka vidole. Na karatasi, kila mmoja wenu alipewa ukurasa mzima akapasua nusu. Nusu za pili ziko wapi?"

Wakapapasa mifuko. Kaingu ndiye aliyeitoa yake. Ameandika sukari, mchele, dawa ya mende. Wengine wote walisema wametupa.

"Watoto wangu," alisema Mzee Stambuli, "kwanza nyweni chai. Wallahi leo Bi Nana ametia tangawizi mpaka koo laomba msamaha."

Huyu ndiye mwenyekiti. Alikuwa fundi wa mashine ya kuonyeshea filamu katika sinema za zamani za mjini, enzi za mikanda mizito, na mpaka leo akitazama filamu mkono wa kulia humcheza, unatafuta gurudumu la kuzungusha. Kila mkutano huja na chupa ya chai ya mkewe, Bi Nana, kubwa, nyekundu, ameipakata mkononi kama mjukuu. Na huapa. Haapi kwa ubaya, bali kwa mazoea, ataapa hata kwa bei ya nyanya. Saa ile ile alipoingia alikuwa ameshaapa kwamba feni ya ukumbi ule haijazunguka tangu iangikwe, na kwamba wallahi msuko wa Mwalimu Dorothy umempunguzia miaka kumi.

Ndiye aliyemwingiza Kafedha katika Jopo miaka sita nyuma, wakati wengine wanauliza msusi atahakiki nini. "Yuwaona," aliwajibu. "Nyie mwatazama, yeye yuwaona." Kwa maneno hayo tu Kafedha angemkatia mkono wake.

Mwalimu Dorothy hakunywa chai. "Nani katika sisi aliingia salunini kwako tangu Jumapili?"

Kafedha akahesabu. "Wewe, Mwalimu. Jumatatu, kusukwa."

Mwalimu Dorothy aligusa nywele zake kana kwamba zimemsaliti.

"Talha, Jumanne asubuhi, kuazima chaja ya simu. Wafula, Jumatano, lakini huyu alisimama mlangoni akaniulizia fundi viatu."

"Viatu vilikuwa vimepasuka, ma'mdogo," akasema Wafula, akainua mguu kuonyesha mshono mpya.

"Basi. Hao tu." Na Kafedha aliamini kwamba amewataja wote.

"Basi sikilizeni," akasema Mwalimu Dorothy. "Fundi anayechonga jina la mshindi chini ya Kifuu anangoja simu yetu mpaka saa kumi. Saa kumi ikifika bila mwenye kura hii kujulikana, katibu afutwe, na Jumamosi isomwe mbele ya watu kwamba kura ziliharibika mikononi mwake. Simsemi kwa chuki. Lakini mkebe haukutembea."

Saa ilikuwa nane na nusu.

Kafedha aliufumbata ufunguo shingoni. Jumamosi watakuwako wateja wake, watakuwako majirani, atakuwako mtangazaji anayesoma uhakiki wake redioni kila Ijumaa, Kafedha wa Kisauni, jina kamili. Msusi aliyeiba kura. Ataweka wapi uso? Nani atampa kichwa chake akishike?

"Tusome macho," alisema.

Mzee Stambuli aliweka kikombe chini. "Kura ni siri, mwanangu."

Lazima niwaambie jicho ni nini. Mwaka wa pili wa Jopo kuna mwanachama aliipa filamu alama zote, kumbe alilala tangu dakika ya kumi mpaka taa zilipowashwa. Aliulizwa alichopenda zaidi akasema muziki, na filamu yenyewe haikuwa na muziki. Tangu siku hiyo ikawa kanuni kwamba chini ya kura yako, kwa herufi kubwa ili mwandiko usijulikane, uandike kitu kimoja kidogo ulichokiona kwa macho yako. Kitu ambacho asiyetazama hawezi kukijua. Hicho wanakiita jicho. Na kanuni ya pili, filamu hutazamwa pamoja, ukumbini, simu zimo kikapuni. Haruhusiwi mtu kuiona peke yake wala kwenda kwa aliyeitengeneza.

"Siri ilikwisha zilipokuwa nane," akasema Mwalimu Dorothy. "Soma, Kafedha."

Kafedha akafungua daftari lake kando. Yeye huandika kila onyesho, kurasa tatu kwa kila filamu, maana hakusoma sana na haamini kichwa chake peke yake. Akaanza.

"KUKU ANAINGIA JIKONI WAKATI WA UGOMVI, HAKUNA ANAYEMFUKUZA."

"Limo," akasema Talha. "Chumba cha Uani."

"KITASA CHA CHUMBA CHA UANI KIMEFUNGWA KWA TAI YA SHULE."

"Limo."

"BIBI HARUSI ANA HINA MKONO MMOJA TU."

"Limo. Hilo zuri, nani aliona hilo?"

"Nyamaza, Talha," akasema Mwalimu Dorothy, lakini shingo yake ilinyooka kidogo kwa fahari.

La nne limo. La tano, la sita na la saba yamo. Kafedha akaitwaa karatasi ya nane, akaisoma moyoni kwanza, kisha kwa sauti, pole pole.

"Harusi ya Jumanne. BABA WA BIBI HARUSI ANAPANGA VITI VYA KUKODI KIMOJA JUU YA KIMOJA. KINABAKI KIMOJA. ANAKIKALIA."

Wafula akasahau kumeza chai.

"Soma tena," akasema Lewa.

Akasoma tena.

"Hilo halimo," akasema Talha.

Kafedha alikuwa ameshafungua daftari. Baba wa bibi harusi mara ya mwisho anaonekana getini, bwana harusi hakuja, gari linageuka. Baada ya hapo ni kiza na majina ya waigizaji. Viti havimo. Si sote tulisema, waliambiana, kwamba mwisho wa filamu ile umekatika kama uzi?

"Labda lilikupita," akasema Mwalimu Dorothy. "Labda ulisinzia."

"Mimi sisinzii, Mwalimu. Mimi ndiye niliyekugusa bega ulipokoroma."

Kaingu akakohoa ndani ya kikombe.

Jambo la ajabu ni kwamba katika hofu yote ile Kafedha alikuwa bado anakifikiria kile kiti kimoja. Alijiambia kwamba aliyeandika jicho hili, awe nani awaye, anaona. Anaona kuliko sisi.

"Basi kuna mtu aliiona filamu nyingine," akasema Wafula. "Si hii yetu. Na hapa kuna msee mmoja tu ambaye ameisifu hiyo filamu wiki nzima." Akamgeukia Talha.

"Mimi?"

"Si uko na picha na huyo dairekta, huyo Zuleikha?"

"Picha ile ina watu hamsini, Wafula. Mimi ni sikio lile la kushoto."

"Na chaja uliazima ya nini? Ya Kafedha ni ile ya pini ndogo. Simu yako inaingia pini pana. Niliona juzi."

Talha akaisukuma simu yake mfukoni. Kijana huyu ana maneno mengi kwenye video zake, kila filamu huichambua kama samaki, mpaka mwiba. Hapo aliishiwa.

"Sema," akasema Mwalimu Dorothy.

"Sikuja kwa chaja."

"Ulikuja kwa mkebe."

"Wallahil adhim sikuugusa mkebe. Nilikuja..." Akamtazama Kafedha kama mtu anayeomba kufichwa. "Nilikuja kumwona Dama."

Dama ndiye anayewaosha wateja nywele pale salunini. Kafedha akakumbuka Jumanne ile, maji yakimwagika nje ya beseni, na Dama anacheka peke yake. "Ni kweli," alisema. "Alikaa karibu na beseni tu. Mkebe ulikuwa rafuni kwa mbele, hakuufikia."

"Mungu akusamehe," Mzee Stambuli akamwambia Talha. "Ungesema mapema, mwanangu. Kupenda si haramu."

Saa tisa na robo.

"Mpigieni Zuleikha," akasema Kafedha. "Aseme yeye kama onyesho hili lipo duniani au halipo."

"Yuna kazi zake," akasema Mzee Stambuli. "Tusimsumbue mtoto wa watu."

Mwalimu Dorothy alikuwa ameshapiga, simu mezani, sauti wazi.

"Abee, Mwalimu. Shikamoo."

"Marahaba. Zuleikha, swali moja. Kwenye filamu yako, kuna baba anayepanga viti?"

Sauti ikawa ndogo, imejaa mshangao. "Nani amewaambia?"

"Lipo au halipo?"

"Lilikuwepo. Nililikata. Lilikuwa kwenye kopi ya kwanza, na kopi ile haikutoka nyumbani kwangu Bamburi. Tuliiona watu watatu tu. Mimi, mhariri wangu, na mgeni mmoja, aliyekuja siku ya—" Hapo simu ikalia tiii. "Mwalimu, chaji yakatika. Niko Likoni hapa, nimevuka, kuna chombo cha mtu naja kurudisha. Naja huko hu—"

Ikakatika. Msinilaumu mimi, ilaumuni betri.

Sasa mngeona nyuso. Watu saba, na mmoja wao alikwenda Bamburi akatazama filamu iliyokatazwa, akala na kunywa, kisha akaja kukaa nao hapa anasema haki itendeke.

"Kila mtu aseme," akasema Mwalimu Dorothy. "Naanza mimi. Nyumbani kwa Zuleikha sikujui, mbele ya Mungu wangu."

"Wallahi sijafika," akasema Talha.

"Mimi Bamburi napitia tu juu kwa juu," akasema Wafula. "Mungu moja."

Lewa na Kaingu wakatikisa vichwa pamoja, mara moja kwa wawili.

"Sijafika," akasema Kafedha. "Mtoto wangu afe kama nadanganya."

"Usimtaje mtoto," akasema Mzee Stambuli kwa upole. "Mimi na magoti haya, Bamburi ntafikaje? Sijakanyaga Bamburi tangu mwaka juzi."

Kafedha alimtazama. Kuna kitu kilipungua katika maneno yale, kama chai isiyotiwa sukari, unajua ina kasoro kabla ulimi haujaijua. Lakini hakukijua ni nini, na mzee alikuwa ameshageuka kummiminia Kaingu kikombe cha pili.

"Hodi."

Zuleikha aliingia anahema, mtandio umemtelezea mabegani, kifuani amekumbatia kitu kilichofungwa kwa leso. Akakiweka mezani. Akafungua fundo. Hotipoti ya buluu.

"Shikamooni. Nilipitia nyumbani kwa mwenye chombo kwanza nikakuta mlango umefungwa, jirani akanambia mtu wangu yuko—"

Alimtazama Mzee Stambuli. Mzee Stambuli alikuwa anatazama dirisha.

"Kabla hujaketi," akasema Mwalimu Dorothy. "Yule mgeni wako wa kopi ya kwanza. Ni nani?"

Zuleikha si mjinga. Aliutazama mkebe ulio wazi, karatasi, ufunguo shingoni mwa Kafedha, na nyuso zote zinazomngoja. Mikono yake ikarudi juu ya hotipoti pole pole.

"Kwani kuna nini?"

"Nani?"

"Mgeni tu. Aliliona lile onyesho la viti akalia. Mimi nikamwachia akalia. Mhariri akasema linaichelewesha filamu, nikalikata, na tangu siku ile sina raha."

"Jina."

"Nimesahau."

"Umesahau mtu aliyelia sebuleni kwako?"

"Walikuja wengi, Mwalimu."

"Ulisema mmoja."

Zuleikha akaivuta hotipoti karibu yake.

"Na hotipoti hii ya nani?"

"Ya jirani."

"Jirani wa Bamburi," akasema Talha, "na hotipoti imevuka feri kuja kumtafuta."

Kafedha alikuwa ameshaifunua. Mahamri, ya moto bado, yamepangwa mpaka juu. Bila shaka. Mtu akikuletea kitu kwenye chombo chake, humrudishii chombo kitupu. Unakaa nacho hata mwezi mpaka upate cha kutia. Kafedha mwenyewe ni mtu wa Kaloleni, lakini miaka aliyokaa Kisauni majirani wamemfundisha hivyo, hata juzi...

Hata juzi.

Jumanne alasiri. Mzee Stambuli alipita salunini na bakuli la kaimati, "Bi Nana amekutumia." Na Kafedha hakutaka kumrudishia bakuli tupu. Akaingia ndani kutafuta. Hakuona kitu. Akatoka mlango wa nyuma mpaka kwa jirani kununua mabuyu ya rangi, akangoja chenji, akarudi. Mzee alikuwa pale pale alipomwacha, kitini, chini ya rafu.

Hakumtaja. Alipoulizwa nani aliingia, hakumtaja, maana mtu hamhesabu baba yake katika wageni.

Akayahamisha mahamri kwenye sinia, moja moja, ili mikono ipate kazi. Kisha akaiinua hotipoti, akaitazama chini.

Nukta tatu nyekundu na mwezi mchanga.

Akairudisha mezani taratibu, akasema kwa sauti ambayo hata yeye hakuitambua, "Mzee. Hii si yenu?"

"Yetu?" Mzee Stambuli alicheka kidogo. "La, mwanangu. Mahotipoti ya buluu mji mzima."

"Ina alama chini."

"Basi ndiyo kabisa si yetu. Kwetu vyombo havitiwi alama. Bi Nana hapendi, asema vyaonekana kama vya hoteli."

"Una hakika?"

"Nina hakika."

Na hapo Kafedha akajua kilichopungua. Mtu aliyeapa kwa tangawizi, akaapa kwa feni, akaapa kwa msuko wa Mwalimu Dorothy. Kwa Bamburi hakuapa. Kwa hotipoti hakuapa. Alikuwa tayari kuwadanganya watu, lakini hakutaka kumtia Mola wake katika jambo lile.

Alimngoja. Nawaambia kweli, alimpa nafasi. Alimtazama tu, akiomba aseme mwenyewe, kwa maneno yake, kwamba alikwenda, kwamba kile kiti kimoja kilimliza, kwamba hakuvumilia filamu ile ishindwe. Angemwelewa. Angeomba asamehewe, angelia naye.

Mwalimu Dorothy aliangalia saa yake. "Saa kumi kasoro dakika mbili. Mgeni hana jina, chombo hakina mwenyewe. Fundi anangoja. Wanaosema katibu afutwe, wanyooshe mikono."

Wa kwake ulikuwa juu tayari. Lewa na Kaingu wakanyoosha pamoja. Wafula akanyoosha nusu, kiwiko kikiwa mezani. Talha alikumbatia mikono yake kifuani.

Wa Mzee Stambuli ulipanda wa mwisho. Polepole, ule ule wa kulia unaotafuta gurudumu.

"Sheria ni sheria, mwanangu," alisema, akiuambia ukuta. "Mkebe ulilala kwako."

Kafedha alivua uzi wa ufunguo shingoni. Akauweka juu ya daftari.

"Sawa," alisema. "Kabla sijatoka, nitamaliza chai yangu."

Akaivuta ile chupa nyekundu. Akafungua kizibo, akamimina, yakatoka matone mawili na kipande cha tangawizi. Akaifunga vizuri, akaikaza. Kisha akaipindua kichwa chini, miguu juu, akaisimamisha mezani. Akaipindua na hotipoti ya buluu, akaisogeza ubavuni mwake, mpaka vikagusana.

Nukta tatu nyekundu na mwezi mchanga.

Nukta tatu nyekundu na mwezi mchanga.

"Vyombo arubaini na viwili," alisema Kafedha. "Nilivitia alama mimi, kwa rangi yangu ya kucha, wiki ya harusi ya mjukuu wenu Sumeya, visipotee kwa watu. Bi Nana alikuwa akinipulizia ikauke. Mimi natoka, mzee, sina neno. Sema tu wallahi si yenu, na mimi natoka."

Mzee Stambuli alifungua mdomo. Midomo yake ilianza ile herufi ya kwanza, wawu ya wallahi, aliyoitamka mara elfu kwa bei ya nyanya, ikakwama pale pale. Zuleikha alijifunika uso kwa mtandio. Na mkono wa mzee, ule uliokuwa unamfukuza Kafedha, ulikuwa bado juu, mwenyewe hajui aushushe vipi.